Uzito Ulioandikwa

Mama Pacha alianza kumshuku mumewe Jumanne moja asubuhi, akiwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa anapinda shuka la kitanda cha mtoto, la kumi na saba kati ya arobaini yaliyoagizwa na shule moja ya chekechea. Mumewe alikuwa upande wa pili wa meza hiyohiyo, akibandika lebo kwenye vifurushi vya wateja wadogo wadogo wa mtandaoni. Akibandika moja, anapiga mluzi. Akibandika nyingine, mluzi tena. Mwanamume aliyepunguzwa kazini miezi saba iliyopita hapigi mluzi hivihivi, Mama Pacha akawaza. Akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Baba Pacha, leo lebo zimekula ngapi?"

"Elfu ishirini na nane."

"Vifurushi vingapi?"

"Kumi na vinne." Hakuinua macho. "Mbona unanihoji kama mtu wa kodi?"

"Nauliza tu. Kwani kuuliza nako kumepanda bei?"

Elfu mbili kwa kifurushi. Mwezi uliopita kifurushi cha namna hiyo, mashuka manne na foronya zake, kilikuwa kinakwenda kwa elfu tatu. Na katikati hapo kampuni ya vifurushi ilikuwa imepandisha bei; tangazo lilibandikwa mlangoni mwao, Mama Pacha aliliona kwa macho yake. Bei inapanda, wao wanalipa kidogo. Ukiona maji yanapanda mlima, marehemu shangazi yake alikuwa akisema, ujue kuna mtu nyuma anayasukuma.

Si kwamba mumewe hakuwa na akili ya kubana matumizi. Alikuwa nayo, na yeye mwenyewe alimsifia kwa majirani. Zamani Mama Pacha alikuwa akibeba mashuka mpaka dirishani, anapanga foleni, karani anamwandikia lebo na kumtoza bei nzima. Baba Pacha, aliyekuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni, ndiye aliyegundua kwamba ukijiandikia lebo mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, ukajaza anwani na uzito na kulipia kwa simu, unapunguziwa, kwa sababu kazi ya karani umeifanya wewe. Ndiye aliyetupa maboksi na kuleta mifuko ya plastiki. "Boksi tupu lina robo kilo, mke wangu. Tunailipia hewa nauli!" Ndiye aliyeacha kununua karatasi za gundi, akawa anachapa lebo mbili kwenye karatasi moja ya kawaida, anakata katikati, anafunika kwa selotepu, ila pale penye mistari myeusi ya kusomwa na mashine anapaacha wazi, maana selotepu ikimeremeta mashine haioni kitu. Siku alipomwonyesha mkewe hayo yote, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepandishwa cheo.

Lakini ujanja huo ulikuwa umeshatoa faida yake yote mwezi wa kwanza. Hii mpya ilitoka wapi?

"Kuna punguzo," Baba Pacha akasema, kana kwamba amesikia mawazo yake. "La wanaotuma vingi."

"Wamekuandikia barua?"

"Wameweka tu humo kwenye akaunti."

Akaunti ilikuwa kwa jina la Mama Pacha. Namba ya siri ilikuwa kichwani mwa mumewe.

Kesho yake Baba Pacha aliwapeleka pacha shule, akasahau simu juu ya rundo la vitambaa. Simu ikaguna. Mama Pacha hakuwa mwanamke wa kupekua simu. Wanaofanya hivyo alikuwa akiwacheka. Aliegemea tu, kama anayetafuta mkasi, na ujumbe ukawa wazi kwenye kioo. Ulitoka kwa wifi yake.

"Kaka, kesho niko dirishani mpaka saa nane tu. Kama unaleta mzigo wahi kabla sijabadilishana."

Wifi huyo alifanya kazi katika kampuni hiyohiyo ya vifurushi, dirisha la mizigo iliyokwisha kulipiwa. Wenzake walimwita Chapchap kwa wepesi wa mikono yake: unaweka furushi, anamulika lebo, analisukumia kwenye toroli, anakupa stakabadhi kabla hujamaliza salamu. Alikuwa mdogo wake Baba Pacha wa kumfuata ziwa, hajaolewa, anakaa chumba kimoja mtaa wa nne kutoka hapo, na mshahara wake ndio ulionunua dawa za mama yao mzazi.

Wahi kabla sijabadilishana. Mama Pacha aliirudia sentensi ile kama mshono uliokataa kunyooka. Lebo imeshalipiwa, mzigo umeshafungwa. Kuna haja gani lazima upite mikononi mwa dada mtu?

Mumewe aliporudi, alimpokea kwa swali lililovaa nguo za salamu. "Wifi yangu hajambo huko?"

"Hajambo, nadhani. Wiki nzima hatujaongea."

Akaokota simu yake. Akasoma. Akamtupia mkewe jicho la haraka, akaitia simu mfukoni. Mama Pacha akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake. Kabla ya mchana alikuwa ameshajishonea hadithi nzima: wifi anachomoa lebo za kampuni, anamuuzia kaka yake kwa bei ya chee, kaka anamwambia mkewe kuna punguzo, na kinachobaki ndugu wawili wanagawana.

Jumapili Chapchap alikuja na biskuti za pacha. Alivua viatu mlangoni akipiga kelele za furaha.

"Wifi, mashuka yanatembea! Kila siku nikimulika naona jina lako. Nimewaambia wenzangu, huyu ni wifi yangu, anayetaka mashuka apitie kwangu."

"Naona unatusaidia sana," Mama Pacha akasema.

"Nimesaidia nini? Nyie mnalipa, mimi namulika."

"Huko kwenu hakuna lebo za wafanyakazi? Za bure bure?"

Chapchap alicheka mpaka akashika mbavu. "Lebo za bure! Wifi, pale hata kalamu tunaisainia. Zingekuwepo ningejibandika moja kifuani nijitume likizo."

Pacha wakacheka kwa sababu shangazi yao amecheka. Baba Pacha hakucheka. Aliinuka kwenda kutafuta maji ya kunywa, ingawa jagi lilikuwa mezani mbele yake. Mama Pacha aliliona hilo, akalihesabu upande usiostahili.

"Halafu, kaka," Chapchap akaendelea, "lile ghala kubwa karibu na ofisi yetu wanatafuta mtunza stoo. Nimempa msimamizi wao jina lako. Usaili ni Jumatatu ya wiki ijayo, saa tatu. Nimemwambia huyu ni mtu wa mizani, gramu haimpiti."

Baba Pacha akamshukuru kwa sauti ndogo, macho kwenye sakafu. Na Mama Pacha akajiambia, kumbe hata malipo yameshapangwa.

Mashuka arobaini yalikamilika, yakafungwa vifurushi vinane, yakapelekwa Jumatatu. Shule ilitaka kuyapokea kabla ya Ijumaa. Jumanne simu ya Mama Pacha ikaita: mzigo umezuiwa, mwenye akaunti anatakiwa afike ofisini yeye mwenyewe, na kitambulisho.

Baba Pacha alikuwa amekwenda kununua selotepu. Mama Pacha alijifunga khanga, akaenda peke yake.

Meneja wa kampuni alikuwa mtu mpole mwenye upara, aliyemwita kila mtu "mteja wetu." Hakumpeleka ofisini kwanza. Alivipanga vifurushi vinane juu ya kaunta, mbele ya foleni ya watu kumi na wawili, akaweka cha kwanza kwenye mizani.

"Mteja wetu, nisomee hapa lebo inasemaje."

"Kilo moja."

"Na mizani inasemaje?"

Namba nyekundu zilitulia. "Kilo moja na robo tatu," Mama Pacha akasoma.

Akaweka cha pili. Cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo. Nyuma yake mwanamume mmoja akasema, si kwa sauti ya kunong'ona, "Mashuka ya zege hayo nini?" Watu wawili wakaguna kicheko. Mama mmoja mwenye sanduku kichwani akasema anawafahamu watu wa namna hiyo, ndio wanaofanya wengine wapandishiwe bei. Mama Pacha alitamani meneja apandishe sauti, amtukane, yaishe. Lakini meneja aliendelea kupima polepole, kwa upole uleule, mpaka cha nane.

Ndipo akamwita chumba cha ndani. Juu ya meza kulikuwa na karatasi yenye orodha.

"Vya jana tumevipima hapahapa. Hivi vingine vilipimwa huko vinakochambuliwa, kabla ya kufika kwa wateja wako. Vifurushi thelathini vya mwisho. Ishirini na sita uzito wake umepunguzwa. Mteja wetu, kosa la mara moja tunaliita kosa. La mara ishirini na sita tunaliita tabia."

Uzito. Neno hilo halikuwemo kabisa katika hadithi aliyojishonea Mama Pacha. Kwa kitambo kidogo alisimama nalo mkononi kama kitambaa asichojua ni cha nguo gani.

"Vyote vimepita dirisha moja," meneja akasema. "Aliyevipokea ni nani kwako?"

"Wifi yangu."

"Hajawahi kukiweka hata kimoja kwenye mizani. Sheria inamruhusu, mzigo uliolipiwa si lazima upimwe. Lakini ukiupokea wa ndugu yako mara ishirini na sita, mtu anajiuliza. Alijua?"

Angeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi, na lilikuwa la kweli. Lakini wiki nzima alikuwa ameshikilia shaka yake kama mtu aliyebana haja, na sasa mtu wa heshima, mwenye kalamu mkononi, alikuwa anamuuliza.

"Mimi nashona tu," akasema. "Mambo ya lebo muulizeni yeye. Yeye na kaka yake ndio wanaojuana."

Meneja akaandika. Hakuongeza swali.

Alipotoka, Chapchap alimwona kupitia kioo cha dirisha lake, akainua kiganja kuuliza, vipi? Mama Pacha akainamia mkoba wake, akijifanya anatafuta funguo.

Jioni alimweleza mumewe kuhusu mizani na foleni na mzigo uliozuiwa. Alichosema kuhusu wifi hakukitaja. Baba Pacha alisikiliza akiwa amesimama. Akasema labda mizani yao mbovu. Akasema labda plastiki ilishika unyevu. Kisha akasema ana usingizi, na jua lilikuwa bado halijazama.

Asubuhi yake mlango uligongwa. Chapchap alikuwa na barua mkononi, na hakuvua viatu.

"Karibu ndani, wifi."

"Nimeshafika hapa panatosha." Alikuwa anamtazama Mama Pacha usoni. "Nimesimamishwa kazi. Bila mshahara, mpaka uchunguzi uishe. Wakikuta nilijua, nafukuzwa na jina langu linapelekwa mbele ya sheria. Meneja amenisomea ulichosema. Yeye na kaka yake ndio wanaojuana. Wifi, tunajuana nini?"

Mama Pacha akashika fremu ya mlango.

"Niliomba nini kwako mimi? Hata shuka moja nimewahi kuomba? Nililonunua nililipa, tena hukunipunguzia, na sikusema kitu kwa sababu biashara ni biashara." Akamgeukia kaka yake, aliyekuwa ameketi mezani na roli ya selotepu mikononi. "Kaka, mwambie. Mwambie mkeo sijawahi kukuandikia lebo hata moja. Sijui hata mnajaza nini humo."

Baba Pacha alikuwa anatafuta ncha ya selotepu kwa ukucha. Aliizungusha roli mara moja, mara ya pili.

"Mambo haya," akasema, "yatakaa sawa tu. Tuvute subira."

"Tuvute?" Chapchap akamngoja aongeze neno. Hakuongeza. "Haya. Mimi navuta mwenyewe. Mama akiuliza dawa, nitamwambia tunavuta."

Akakunja barua, akaondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka kwenye kona.

Mama Pacha alibaki mlangoni. Alichokuwa anakisikiliza sasa ni ukimya wa mumewe. Mtu aliyeonewa dadaye hupiga kelele. Hata mwongo hupiga kelele. Huyu alikuwa ananyamaza kama mtu anayeomba mvua isimwone. Mama Pacha akaenda kwenye kikapu cha mizigo iliyosubiri kutumwa, akachukua kifurushi cha juu. Lebo ilishabandikwa: gramu mia tisa. Akaiteremsha mizani ndogo ya jikoni kutoka kwenye rafu, akakiweka. Kilo moja na gramu mia nne. Akachukua kingine. Na kingine. Mumewe alikuwa anamwangalia na hakumzuia.

"Namba hizi nani anaziandika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu walipopandisha bei."

Akavuta kiti, akaketi mbele yake. Hasira ya moto aliyoitegemea haikuja, ilikuja ya baridi. "Si ungeniambia tu kwamba imepanda? Bei ikipanda tunapandisha na sisi, au tunabana kwingine. Nani alikulazimisha?"

Baba Pacha aliweka selotepu chini. "Kila jioni unaniuliza, leo tumeokoa ngapi? Unauliza kwa furaha. Umewaambia majirani wote mume wangu ni mjanja wa lebo. Siku bei ilipopanda nilikaa na simu saa nzima. Mtu anayeshona ni wewe. Anayeleta wateja ni wewe. Mimi nilikuwa na hicho kimoja tu cha kukuletea, mke wangu, na wakakipandishia bei."

"Ukaniletea wizi."

"Nilisema mara moja. Halafu ikapita. Halafu mara ya pili ni rahisi zaidi."

"Na dada yako?"

"Chapchap hapimi. Anaamini. Nilikuwa namuuliza zamu zake ili nifike yeye akiwepo." Akaisukuma selotepu kando. "Niliona kwa kuwa hajui, hata likitokea la kutokea, halitamgusa."

"Limemgusa."

"Lisingemgusa bila mdomo wako."

"Wala bila uongo wako! Usinipakazie zote. Nusu yangu naijua, nitaibeba. Ya kwako nani ataibeba?"

Hapo wakawaona pacha wamesimama mlangoni na mabegi yao, wakisubiri kupelekwa shule.

Mchana Mama Pacha alimpigia meneja. Meneja alisema ni jambo rahisi, mteja wetu: akaunti ni yenu, leteni maelezo kwa maandishi, nani alijaza uzito na kama karani alijua. Tofauti ya nauli italipwa na faini juu yake. Karani kama hakujua atarudishwa. Ila mwandishi wa maelezo aje mwenyewe, na jina lake.

"Ukiandika jina langu," Baba Pacha akasema, "Jumatatu sina haja ya kwenda kwenye ule usaili. Mtunza stoo aliyedanganya mizani! Ghala lenyewe liko ukuta kwa ukuta na ofisi ile. Habari zitafika kabla yangu."

"Basi nitaandika langu. Akaunti ni yangu."

Alisema hivyo kumpima. Na alimwona. Ilikuwa muda wa kufumba na kufumbua tu, lakini usoni mwa mumewe ulipita unafuu, kama wa mtu aliyepokewa mzigo begani. Kisha Baba Pacha akainamisha kichwa na kusema hapana, haiwezekani. Alichelewa. Miaka tisa ya ndoa, na Mama Pacha alijua kwamba unafuu ule ataukumbuka kuliko hiyo hapana.

Aliandika barua kwa mwandiko wake, mistari sita, akaacha wazi mahali pa jina.

Alhamisi walikwenda wote wawili. Mama Pacha alikuwa na barua ndani ya mkoba na kalamu mbili. Hakuwa na hakika. Kila walipofika kwenye kona alitazama kama mumewe atasema amesahau kitu nyumbani. Mlangoni mwa ofisi Baba Pacha alisimama kuwapisha watu watatu, kisha wengine wawili ambao hawakuwa na haraka yoyote, na Mama Pacha akaanza kutafuta kalamu.

"Nipe," Baba Pacha akasema.

Akaandika jina lake pale pale, barua ikiwa imeegemezwa ukutani, mwandiko ukienda kombo. Wakaingia. Dirishani kwa Chapchap alikaa kijana mwingine, mzito wa mikono, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Meneja alikuwa ukumbini akiwatuliza watu. Aliwatambua.

"Mteja wetu. Mmeleta?"

Baba Pacha akanyoosha barua. Meneja hakuipokea mara moja. "Mwenye maelezo ni nani?"

"Ni mimi. Aliyeandika uzito ni mimi."

Toroli lilikuwa linapita, magurudumu yakipiga kelele. "Sijakusikia, mteja wetu."

Baba Pacha alitazama foleni. Kulikuwa na jirani yao mmoja mule, muuza viatu vya mtandaoni, aliyewahi kumwomba amfundishe ujanja wa lebo. Kulikuwa na mwanamume mwenye kofia ya lile ghala la jirani. Mama Pacha, pembeni yake, hakumshika mkono. Hakuwa na hakika kama angemshika au angemsukuma.

"Nasema aliyeandika uzito wa uongo ni mimi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na foleni nzima ikageuka. "Vifurushi ishirini na sita, na vile vinane vya juzi. Mke wangu alikuwa anashona, hakujua. Dada yangu hakujua. Nilikuwa nangoja zamu yake kwa sababu ananiamini. Hakujua chochote."

Muuza viatu akaanza kusoma lebo ya mzigo wake kwa makini sana. Meneja akaipokea barua, akaisoma mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakumwita mtu mteja wetu. "Ingia ndani ulipie, bwana," akasema.

Walilipa. Hela ya vitambaa vya mwezi mzima ilikwenda, na akaunti ikafungiwa miezi mitatu. Ikawa wanatuma kupitia kampuni nyingine ya upande wa pili wa mji, bei nzima, foleni ndefu. Mashuka ya shule yalifika Jumatatu, Ijumaa ikiwa imeshapita, na mwalimu mkuu akarudisha kumi na mawili kwa kuwa alishanunua mengine dukani. Jumatatu hiyohiyo Baba Pacha alivaa shati lake la usaili, akaenda. Waliuliza maswali manne, wakamwambia watampigia. Hawakupiga. Labda habari zilifika, labda hazikufika. Alikaa akiliwaza hilo siku nyingi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Chapchap alirudishwa kazini baada ya siku nane, dirisha lilelile. Simu hakupokea, si ya kaka wala ya wifi.

Jumamosi Mama Pacha alikwenda. Alipanga foleni bila mzigo wowote mkononi, na zamu yake ilipofika Chapchap alisema kupitia kile kitundu cha kioo, "Unatuma nini?"

"Situmi kitu. Nimekuja kuomba..."

"Hapa ni kwa wenye mizigo. Anayefuata!"

Mama Pacha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za saruji. Watu walimruka na maboksi yao. Mlinzi alimuuliza mara mbili anamngoja nani, mara ya pili kwa ukali, akamtaka asogee asizibe njia. Akasogea. Jua likamfuata kule aliposogea. Saa nane na dakika chache Chapchap alitoka na mkoba wake, akamwona, akasimama ngazi mbili juu yake.

"Uko hapa tangu saa nne?"

"Tangu saa nne." Mama Pacha alisimama. Maneno aliyoyapanga yalikuwa yameyeyuka kwa jua, akasema yaliyobaki. "Nilisoma ujumbe wako kwenye simu ya kaka yako, nikajaza mwenyewe nisichokijua. Nilipoulizwa nilikuuza. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuja kusema shetani alinipitia, wifi. Nilifanya mimi."

Chapchap alimtazama kama anayetafuta mahali lebo ilipopindwa.

"Mama alikaa siku tano bila dawa," akasema. "Nilimwambia zimeadimika."

"Nisamehe."

"Nimekusikia." Alishuka ngazi moja. "Wewe umekuja. Yeye yuko wapi?"

"Nyumbani na watoto. Anaogopa. Alitaka nikuletee shuka, lile zuri la maua. Nikakataa kulibeba."

"Ulifanya vizuri." Chapchap akashuka ngazi ya mwisho, wakawa sawa kwa sawa, akaweka mkoba begani tayari kuondoka. "Mwambie aje mwenyewe kwangu. Na asije na zawadi. Aje na mdomo wake."